Pima Maji ya Bwawa Kabla ya Mtoto Kuingia
(Hotuba ya afisa wa afya ya umma kwa wenye nyumba zilizo na mabwawa ya kuogelea)



Maji kung'aa si dalili kwamba ni salama. Yapimeni kila siku kabla ya watoto kuingia.

Anzeni na pH: iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ikizidi hapo, klorini hupungua nguvu hata mkiongeza. Kisha pimeni klorini yenyewe. Isipungue miligramu 1 kwa lita. Jua letu la Pwani huimaliza upesi, hivyo itieni jioni.

Tieni dawa ndani ya maji, msimwage maji juu ya dawa. Klorini na asidi msizichanganye kamwe. Hutoa gesi inayoua.

Msipoiona sakafu ya bwawa, fungeni. Mtoto akizama hamtamwona.