UA WA TAWI LETU: VIGAE GANI TUNUNUE, NA VIWEKWE NAMNA GANI

(Maneno yaliyosemwa na wajumbe wa kamati ndogo ya ujenzi mbele ya wanachama wa tawi, Voi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Mlituchagua watu watatu tuangalie habari ya ua ulio nyuma ya ofisi. Sisi si wajenzi. Mmoja wetu yuko gengi, mmoja karakana, mmoja stesheni. Lakini tumezunguka madukani, tumewauliza mafundi, tumepiga magoti na kugonga sakafu za watu wengine kwa sarafu, na leo tumerudi kuwaeleza tuliyoyaona. Twataka mpige kura mkijua mnapigia nini, maana fedha ni zenu, zimekatwa katika mishahara yenu mwezi kwa mwezi.

Ua wenyewe mwaujua. Urefu wake ni mita 12, upana mita 9. Hapo ndipo tunapokunywa chai ya mkutano, tunapowaaga wastaafu, tunapochoma nyama, na hapo ndipo tunapoketi na jamaa wa mwenzetu akifiwa. Sakafu yake ya simiti imepasuka kwa mizizi ya ule mwarobaini, na mvua ikinyesha maji husimama mlangoni.

Tulipokea barua mbili za bei. Ya kwanza ilikuwa chini sana, na tunajua wengi wenu mmekwisha kuisikia na kuipenda. Yule mkandarasi alisema ataleta vigae vyeupe ving'aavyo na kuvipachika juu ya simiti ile ile ya zamani, kazi iishe kwa juma moja. Sisi tunawaomba mwikatae barua hiyo, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza ni kuteleza. Kuna ukumbi mmoja, hatutautaja, ambao baraza yake iliwekwa vigae vya namna hiyo hiyo. Vilipendeza kama sahani. Siku ya mvua mzee mmoja mstaafu alitoka ndani kwenda kunawa mikono, akateleza, akavunjika nyonga. Mpaka leo anatembea kwa mikongojo miwili. Mtu huyo alifanya kazi katika reli miaka mingi asiumie, akaja kuumia katika karamu. Nasi wanachama wetu wastaafu ndio wanaokuja hapa kuliko wote.

Basi, ndugu, jueni kwamba vigae vyote si kitu kimoja, ingawa fundi huviita vyote tailizi. Vile vya udongo vilivyopakwa kioo juu ni vya ukutani, jikoni na chumbani. Vingi hunywa maji kwa nyuma, na vile vya ukutani huweza kunywa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Vile vinavyoitwa poseleni huchomwa kwa moto mkali zaidi, hushikana sana, na maji vinavyokunywa hayapiti nusu ya asilimia 1. Hivyo ndivyo vya nje. Tena kwenye sanduku au katika karatasi za muuzaji tazameni herufi R na tarakimu yake. Kipimo hicho huanzia R9 na kuishia R13, na kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo kigae kinavyozidi kushika mguu. Kwa mahali penye mvua tafuteni R11. Muuzaji akisema hajui habari hiyo, mwageni maji juu ya kigae mbele yake, mpande na viatu vyenu vya kazi. Miguu yenu itawajibu.

Rangi nayo si jambo la urembo tu. Voi ina vumbi jekundu, na kila mtu anayefua shati hapa analijua. Kigae cheupe kitakuwa na rangi ya matofali kabla ya mwezi kwisha, na yule mama anayetufagilia ndiye atakayelipa kwa mgongo wake. Cheusi nacho kikipigwa na jua la mchana hakikanyagiki kwa mguu mtupu, na watoto huja hapa. Sisi tumependelea rangi ya udongo wenyewe, wekundu uliofifia, au kahawia.

Tuliulizwa pia kwa nini tusitumie mawe ya Mazeras, maana yanachimbwa hapa hapa njiani mwa reli, kabla ya kufika Mombasa. Ni swali zuri. Jiwe la Mazeras ni jiwe la mchanga, lina uso wa kukwaruza, halitelezi upesi, na linapendeza kuliko yote kwa macho yetu. Taabu yake ni mbili. Unene wake si sawa, jiwe hili nene na lile jembamba, hivyo lataka fundi mvumilivu na simiti nyingi chini yake, na meza juu yake huyumba. Tena hunywa mafuta. Mchuzi wa nyama ukimwagika, alama hubaki, isipokuwa mmelipaka dawa ya kuziba na kurudia kulipaka kila baada ya muda. Kwa njia ya kuingilia tungelichagua mara moja. Kwa mahali pa kulia, hapana.

(Hapo mzee mmoja alisema kwamba kigae, kwa Kiswahili cha zamani, ni kipande cha chungu kilichovunjika. Ni kweli, na tunataka vyetu visirudie maana hiyo. Tena vigae vya paa ambavyo wengi wetu tumeviona katika majengo ya kale ya Mombasa vilitoka Mangalore, Bara Hindi, ambako misheni ya Basel ilifungua kiwanda mwaka 1865. Kwa hiyo habari ya vigae katika nchi hii si ngeni.)

Sasa kuweka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hata vigae vikiwa vizuri namna gani.

Ninyi wa gengi mnajua kwamba reli haikai juu ya matope. Kwanza tuta, kisha kokoto, kisha mataruma, ndipo reli. Ukipunguza kokoto treni itakwambia. Sakafu ni vivyo hivyo. Ufa ulio katika simiti ya chini utapanda mpaka kwenye kigae cha juu, hauna adabu. Kwa hiyo simiti ya zamani lazima ivunjwe, mizizi ikatwe, ardhi ishindiliwe, na zege jipya limwagwe unene wa sentimita 10, kwa kipimo cha simiti 1, mchanga 2, kokoto 4. Lilowanishwe maji kwa siku saba. Kisha liachwe mpaka litimize siku 28 kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa. Tunajua mtasema ni muda mrefu. Mkandarasi wa juma moja hawezi kungoja siku 28, na hilo peke yake latosha kuwaonyesha ni kazi gani anayotaka kutuuzia.

Maji yapewe njia yao tangu mwanzo. Kutoka ukutani kwenda kwenye mfereji sakafu ishuke sentimita 1 na nusu kwa kila mita. Kwa upana wa mita 7 huo ni mteremko wa sentimita 10 na nusu kwa jumla. Macho hayatauona, wala kikombe hakitamwagika, lakini maji yatauona. Mteremko ufanywe katika zege, si kwa kuongeza gundi chini ya vigae vya upande mmoja.

Halafu gundi. Poseleni hainywi maji, kwa hiyo ile simiti tupu iliyokorogwa na maji haiishiki vizuri. Yatakiwa gundi ya vigae ya mifuko, iliyoandikwa kwamba ni ya nje. Ienezwe kwa mwiko wenye meno sakafuni, na kigae chenyewe kipakwe nyembamba mgongoni. Fundi wa haraka huweka mafungu matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, kisha hubandika. Ndugu, mkimwona fundi akifanya hivyo msimamisheni. Chini ya kigae hicho pana uwazi, maji huingia, na siku mtu akiangusha kreti ya soda pembeni, kigae huvunjika. Kila siku kigae kimoja kiinuliwe kingali kibichi, mtazame mgongo wake. Kwa kazi ya nje gundi iwe imeshika karibu mgongo wote, asilimia 95. Vikikauka, gongeni kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu kiondolewe.

Kazi ifanywe asubuhi na jioni. Jua la saa sita hapa kwetu hukausha uso wa gundi kabla kigae hakijafika. Fundi aiguse kwa kidole, na kidole kikitoka kikavu gundi hiyo ikwanguliwe itupwe.

Jambo jingine ambalo sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa ni nafasi. Chuma hupanuka kwa joto, na reli isiyopewa nafasi yake hupinda. Kigae nacho hupanuka, kidogo tu, lakini jua la Voi halina mchezo. Kati ya kigae na kigae pawe na milimita 5, pajazwe grauti. Na kila baada ya mita 3 hivi pawe na mstari usiojazwa grauti bali mpira laini wa kuziba. Katika urefu wa mita 12 ni mistari mitatu, na katika upana wa mita 7 ni miwili. Ukutani na penye nguzo vile vile. Sakafu nyingi zinazovimba katikati na kuinuka kama hema zimenyimwa mistari hii.

Hatutaki vigae ua mzima. Ukingo wa mita 2 upande wa pili wa mfereji, penye jiko la kuchomea nyama na geti, tunapendekeza kabro. Makaa yakianguka juu ya kigae huweza kukipasua, na pikapu ya soda huingia hapo. Kabro yenye unene wa milimita 60 hubeba gari dogo, hulazwa juu ya mchanga uliolala juu ya murram iliyoshindiliwa, na bomba la maji likipasuka chini yake huinuliwa na kurudishwa bila kununua kitu. Sharti moja tu, pembeni pawe na mawe ya kuzuia yaliyofungwa kwa zege, la sivyo zitatawanyika kama ng'ombe.

Hesabu ni hii. Vigae, mita 12 kwa 7, ni mita 84 za mraba. Ongezeni sehemu 1 katika 10 kwa kukata na kuvunjika, karibu mita 93. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 vikiwa vinne katika sanduku, sanduku moja ni mita 1.44, basi masanduku 65. Vinunuliwe siku moja, na namba ya rangi kwenye masanduku yote iwe moja, maana mkirudi dukani mwezi ujao rangi haitalingana. Vitakavyobaki vitunzwe stoo.

Sasa habari ya watu watakaofanya kazi hii, na hapa tunaomba msikilize. Chama hiki kinadai mishahara ya haki kila mwaka. Siku tunapoandika watu sisi wenyewe, hatuwezi kugeuka manyapara. Barua ile ya bei ya chini iliwezaje kuwa chini? Tuliuliza. Vibarua wake hulipwa kazi ikiisha, kama italipwa, na hawana bima. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awakatie watu wake bima. Tena hukata vigae kwa mashine kavu, vumbi likiwafunika kama unga. Vumbi hilo lina silika. Likiingia mapafuni kwa muda huleta ugonjwa uitwao silikosisi, usio na dawa ya kuuponya. Wale waliofanya kazi penye mashine za kusaga kokoto wanaelewa tunalosema. Kwa hiyo mkataba wetu utasema: kukata ni kwa maji, barakoa za vumbi na miwani kwa kila mtu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ifuatwe. Vibarua walipwe kila Jumamosi. Mkandarasi alipwe kwa hatua, zege likiisha, vigae vikiisha, na sehemu 1 katika 10 tuishike mpaka mvua ya kwanza ya kweli inyeshe tuone maji yanakwenda wapi.

Barua ya pili imekubali masharti haya yote. Bei yake ni kubwa zaidi, hatufichi. Tumeona njia ya kuipunguza: kuvunja simiti ya zamani na kubeba kifusi tufanye sisi wenyewe kwa harambee, Jumamosi mbili. Sululu na koleo tunazo, na mikono ya gengi ikishika sululu simiti ile haitafika saa sita. Mwarobaini tumeamua usikatwe. Kivuli chake ni nusu ya starehe ya ua huo. Mizizi iliyoingia sakafuni tu ndiyo itakatwa, na vigae vianze mbali kidogo na shina, pabaki udongo mtupu wa mita moja kuuzunguka.

Kura ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya zamu ya mchana. Vigae vitatu vya mfano viko chini, karibu na meza ya Katibu, kila kimoja na namba yake, na ndoo ya maji iko pembeni. Vimwagieni maji, mvikanyage, na anayetaka aje na mzazi wake mzee naye akanyage. Majina ya watakaoshika sululu yaandikwe katika daftari lililo mlangoni.