VIJANA NA KAZI ZA KUJITOLEA KATIKA SHEHIA ZETU

Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya Masheha, watendaji wa wilaya na viongozi wa vikundi vya vijana. Yanachapishwa hapa kwa taarifa ya watumishi wa Serikali na wananchi wote.



Nimetakiwa nizungumze juu ya vijana wanaojitolea. Ningependa kwanza niweke bayana ninamkusudia kijana yupi. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwezi wa Julai 2006, unamhesabu kijana kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35, na miongoni mwa majukumu unayomtwika ni kukuza utamaduni wa kujitolea. Kwa hivyo wengi wa tunaowazungumzia hapa si watoto wa kutumwa dukani. Ni watu wazima, pengine wenye wake au waume na watoto, wenye uwezo wa kupanga kazi, kuisimamia na kuitolea hesabu.

Nasema hivyo kwa sababu mazoea yetu ni mengine. Kazi za pamoja visiwani humu ni za zamani. Madarasa mengi ya skuli zetu yalianza kwa nguvu za wananchi: wakachimba msingi, wakabeba mawe na mchanga, wakapandisha kuta hadi kwenye linta, kisha Serikali ikaezeka na kumalizia. Katika kazi hizo kijana alikuwa ni mabega. Wazee waliamua, mbiu ikapigwa, naye akaja na pauro lake. Hatuidharau hata kidogo khidma ile. Lakini jambo ninalolizungumza leo ni tofauti. Hapa kijana ndiye aliyeliona tatizo, ndiye aliyewakusanya wenzake, na ndiye anayemfuata Sheha kumwambia, "Bwana Sheha, tunataka kufanya jambo fulani, tunaomba ruhusa na msaada wako." Hapo sisi wakubwa hutatizika kidogo, kwa kuwa hatujazoea kuombwa baraka badala ya kutoa amri.

Nichukue mfano wa mikoko, kwa sababu ndiyo kazi inayopendwa na vikundi vingi vya pwani, Unguja na Pemba, na ndiyo inayoharibika kwa wepesi. Kila mkaazi wa pwani anajua faida yake. Mikoko ni mazalio ya samaki na kaa, huvunja nguvu za mawimbi, na hushikilia udongo. Palipokatwa mikoko, maji ya chumvi hupata njia, na katika sehemu za Pemba yamekwisha kuingia katika mabonde ya mpunga, yakawaacha wenye mashamba na ardhi isiyoota kitu. Familia iliyopoteza bonde lake la mpunga haihitaji kuhutubiwa juu ya mazingira.

Sasa vijana wanakusanyika siku moja, wanapanda miche elfu, picha zinapigwa, mgeni rasmi anaondoka. Baada ya miezi sita ukipita pale huoni kitu. Kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu miche ilipandwa mahali ambapo mikoko haijapata kuota. Mkoko hukaa katika ukanda wa pwani unaofunikwa na maji kwa saa kadhaa tu, kisha ukabaki wazi. Ukiupanda chini zaidi, kwenye majani ya bahari, maji huufunika muda mrefu mno, ukaoza; na hapo umekwisha kuyaharibu pia majani ambayo samaki wanayategemea na kina mama wanaokota chaza. Aidha, kila jamii ya mti ina mahali pake. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Mkandaa hupenda nyuma, karibu na nchi kavu. Mbegu ya mkoko wenyewe huota ingali juu ya mti mzazi, ikawa kama kijiti kirefu cha kijani. Huchomekwa katika tope kiasi cha theluthi yake, kwa masafa ya mita moja baina ya mche na mche. Wavuvi wazee wanayajua haya bila ya kuyasoma, na kijana anayetaka kuongoza kazi hii aanze kwao. Pengine atashauriwa asipande kabisa, bali azibue mkondo wa maji uliozibwa na kulilinda eneo lisikatwe, kwani miche huja yenyewe na maji.

Na kulilinda eneo maana yake ni kukaa na wanaokata. Nani anakata? Ni jirani anayetafuta kuni, ni mchoma chokaa, ni fundi anayetaka boriti za kuezekea nyumba ya mtoto wake. Hawa si maadui. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 imeweka njia ya jamii kuingia katika makubaliano na Serikali ya kusimamia msitu wao, wakapanga wenyewe pa kukata na pa kuacha. Kikundi cha vijana kinachoanzia kwenye makubaliano hayo kitafika mbali kuliko kinachoanzia kwenye jembe.

Usafi wa mitaro sitauzungumza kwa urefu. Kipindupindu tunakijua tangu mwaka 1978, na kilipozuka tena mwaka 2015 na 2016 kila mtaa ulijua umuhimu wa mtaro ulio wazi. Vijana wanazibua, wanatoa mifuko na makopo, wanayarundika pembeni. Kisha gari la taka haliji. Mvua ya kwanza inayarejesha mtaroni yote. Ndugu Watendaji, hapo lawama si ya vijana. Kabla kikundi hakijashika pauro, ofisi inayohusika ihakikishe siku na saa ya gari, na gari lije.

Katika elimu wapo waliomaliza kidato cha nne au cha sita wanaosomesha wadogo zao jioni, na wengine wanaosaidia katika skuli zenye upungufu wa walimu. Ni jambo jema, lakini lina mpaka. Kumwacha kijana asomeshe miaka mitatu bila ya barua, bila ya nauli na bila ya ahadi yoyote, kisha tukamwita mzalendo, hiyo siioni kuwa ni kujitolea. Mwalimu Mkuu ampe barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na cheti cha khidma mwishoni.

Yapo mambo matatu mengine madogo yanayovunja vikundi. La kwanza ni fedha. Kikundi kikichangiwa hata shilingi elfu kumi, ziandikwe, na hesabu ibandikwe ukutani mahali watu wanaposoma. La pili ni mikutano ya usiku maskani, ambayo wasichana hawawezi kuihudhuria. Kisha tunauliza kwa nini wanawake hawamo katika uongozi. Mkutano ufanyike baada ya Alasiri, katika skuli au uwanjani. La tatu ni siasa. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, tumeshuhudia shehia moja ikiwa na vikundi viwili, kila kimoja na rangi zake, na mtaro uleule ukabaki umeziba baina yao. Mwanachama ana haki ya chama chake, lakini bendera ibaki nyumbani siku ya kazi. Na Sheha naye asiulize mtu ni wa wapi kabla ya kumpa ruhusa.

Mwisho, ni taratibu. Ofisi za wilaya zinatakiwa zifungue daftari la vikundi vya kujitolea, lenye jina la kiongozi, kazi inayokusudiwa, eneo na muda wake. Vifaa vya Serikali, yaani pauro, toroli na mapanga, viazimwe kwa kutiwa saini na virejeshwe kwa kutiwa saini. Ombi la kikundi lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14, na likikataliwa sababu itajwe. Masheha wanaombwa wawasilishe orodha zao kabla ya kuanza mvua za Masika, ili vikundi vya mitaro vitangulie kuhudumiwa, na vile vya mikoko vifuate baada ya eneo lao kukaguliwa pamoja na wavuvi wa shehia hiyo. Kujiandikisha katika daftari hakuna malipo yoyote.