Tuta Moja kwa Msimu



Sisi tutokao Mgeta tumelelewa juu ya matuta ya ngazi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wazee wetu wa Uluguru kuyachimba. Kazi ya shuruti haikudumu: mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukafa. Lakini kwetu, penye maji ya mfereji na soko la mboga, matuta mengi yangali yakilimwa. Kabichi ililipa ada za shule, na jembe likashikwa bila amri.

Humo tumejifunza mambo mawili. Kwanza, lengo la kuamriwa hufa aondokapo msimamizi. Lenye faida tuionayo hutuamsha wenyewe. Pili, tuta huokolewa ufa ungali mdogo. Masika moja tuliahirisha kuziba tuta moja. Mvua ikachukua matatu.

Taa ya hekalu nayo huwashwa kila siku, haingoji sikukuu. Basi kila mmoja wetu mwenye jambo aliloliacha njiani, kesho alirudie kwa tuta moja tu.

Tunawatakia maadhimisho mema.