Fedha ya Umma na Hifadhi ya Urithi Wetu Kabla ya Maafa

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Hulugho



Kamati imetuagiza tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo halikupata nafasi katika taarifa ya mwaka, ingawa ndilo lililotutia huzuni zaidi ofisini. Jambo lenyewe ni hili: vyama kama chetu, vyenye kutunza lugha, mila, kumbukumbu na kazi za mikono za watu wake, vitasimama vipi wakati wa maafa, na fedha ya umma ina wajibu gani katika kuvisimamisha. Twaomba mtusikilize kwa subira, na pale tutakapokosea mtusahihishe.

Yatupasa tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Mvua kubwa za Deyr za mwaka 2023 zilikuja baada ya misimu mitano mfululizo ya kukosa mvua. Sote tulizishukuru, lakini usiku mmoja maji yaliingia katika chumba tunachokitumia kuwa ofisi, yakalifikia sanduku lililokuwa sakafuni. Ndani yake mlikuwa na rejesta ya wanachama, madaftari ya kumbukumbu za mikutano, na kanda nne za sauti. Rejesta tuliianika juani, na kurasa zake nyingi zasomeka. Kanda ziliingia tope, utepe ukagandamana, na hakuna fundi aliyeweza kuzifufua. Katika kanda hizo mzee wetu mmoja alikuwa ameeleza historia ya visima, njia za malisho, na mapatano yaliyofanywa baina ya jamaa na jamaa juu ya maji wakati wa kiangazi kikali. Mzee huyo amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nakala haikuwapo. Mkutano wa mwaka uliotangulia ulikuwa umetuagiza tuzinakili. Hatukuzinakili, kwa sababu hapakuwa na fedha ya kazi hiyo, nasi tukadhani kwamba upo wakati.

Wanachama wengi wametusamehe, nasi twawashukuru. Lakini msamaha haurudishi sauti ya marehemu. Kwa hiyo yafaa tuulize jambo hili limetokeaje, na tufanye nini lisitokee tena.

Ama neno urithi, wako wanaodhani kwamba maana yake ni ngoma ya kuwachezea wageni wanaposhuka kutoka katika ndege. Hasha. Kwetu hapa, urithi ni xeer inayoamua nani anyweshe kwanza kisimani na fidia ya damu ilipwe vipi. Ni mkono wa mama anayejua kusuka haan isiyovuja na kuujenga aqal upande kabla jua halijatua. Ni shairi linalohifadhi habari za miaka mia bila karatasi. Ni elimu ya ndugu zetu Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, juu ya nyuki, miti na mapito ya msitu. Watu ambao lugha yao imehesabiwa na UNESCO miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka. Vitu hivi ndivyo vilivyotuwezesha kuvuka ukame tangu zamani. Anayeviita pambo hajapata kuwa na kiu.

Maafa huviharibu vitu hivi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghafula: moto, mafuriko, shambulio la mpakani. Njia ya pili ni ya polepole, na aghalabu haiandikwi popote. Ukame ukidumu, vijana huondoka na mifugo, ada ya chama hailipwi, mikutano haifikii idadi, akina mama huuza mikeka yao ya mwisho na kuacha kufundisha binti zao kusuka. Mvua ikirudi, mifugo yaweza kuzaliana tena. Lakini chama kilichokufa aghalabu hakifufuki. Kati ya mwaka 2020 na 2023 tulikuwa karibu sana na hali hiyo, na kila mtu aliyepo hapa anaifahamu.

Tutazame waliotutangulia katika majaribu haya. Mwaka 1988, mji wa Hargeysa ulipokuwa ukingoni mwa kupigwa mabomu na jeshi la serikali ya Siad Barre, watu wa redio na wapenzi wa muziki walizificha kanda za nyimbo na mashairi. Nyingine zilifukiwa ardhini, nyingine zikavushwa mipaka hadi Jibuti na Ethiopia. Mji ulibomolewa, lakini sauti zilibaki; na leo maelfu ya kanda za Kisomali yamehifadhiwa katika Kituo cha Utamaduni cha Hargeysa. Watu wale hawakuwa na hazina ya serikali. Serikali ndiyo iliyokuwa ikiwapiga. Walichokuwa nacho ni kufikiri kabla ya siku yenyewe.

Huko Kampala mambo yalikwenda kinyume. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Wafalme wa Buganda huko Kasubi, nyumba ya nyasi iliyokuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Fedha zilipatikana, za Buganda, za Serikali ya Uganda, na msaada wa Japani kwa njia ya UNESCO, pamoja na vifaa vya kuzimia moto. Lakini zilipatikana baada ya moto. Ilipita miaka 13 hata Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2023.

Unguja nako, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, lilionyesha nyufa zake mbele ya macho ya watu wote. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012. Fedha za kulitengeneza zilitoka Oman, na mafundi walikuwa kazini, lakini tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele pamoja na mnara uliporomoka, na watu wawili wakafa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo Unguja ukuta ulidai na roho za watu.

Hatusemi kwamba serikali hazijui kutoa. Ugonjwa wa Korona ulipofunga milango mwaka 2020, Uingereza ilitenga pauni bilioni 1.57 kwa vyama vya sanaa na majumba ya makumbusho, na Bunge la Marekani likatenga dola milioni 75 kwa mfuko wake wa sanaa na milioni 75 nyingine kwa mfuko wa elimu ya utu. Katika nchi yetu, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi milioni 100 kwa ajili ya wasanii, kutoka katika Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Tujiulize: siku ile, chama cha Hulugho kilikuwa na hati gani ya kuonyesha, hesabu gani zilizokaguliwa, orodha gani ya mali? Mfuko wa umma hauwezi kumpa mtu asiyejulikana, hata kama shida yake ni kubwa kuliko ya mwenzake.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo lilipo tumaini letu. Katiba ya mwaka 2010 yasema katika Ibara ya 11 kwamba utamaduni ni msingi wa taifa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limekabidhi Kaunti kazi za maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Na jedwali hilo hilo limeikabidhi Kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na maafa. Yaani kazi hizi mbili, utamaduni na maafa, zimewekwa katika mkono mmoja. Tunapoomba ziunganishwe katika makisio ya fedha hatuombi jambo geni.

Lakini iko njia isiyofika, nayo yafaa tuijue mapema. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yairuhusu Kaunti kuwa na Mfuko wa Dharura, na malipo yake katika mwaka hayawezi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya Kaunti. Wengi hutegemea mfuko huo. Hata hivyo sheria yasema kwamba ni wa haja ya haraka isiyotazamiwa. Je, ukame kwetu ni jambo lisilotazamiwa? Halmashauri ya Taifa ya Kukabili Ukame hutoa taarifa za tahadhari kila mwezi. Je, mvua kuingia katika chumba chenye bati bovu ni jambo lisilotazamiwa? Fedha ya kujiandaa haiwezi kutoka katika mfuko wa kushtukizwa. Ni lazima iandikwe katika makisio ya kila mwaka, na makisio yana kalenda yake: mpango wa maendeleo huwasilishwa kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha hufika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, makisio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria yataka wananchi wasikilizwe. Anayekwenda Garissa mwezi wa Mei kuomba, amekwenda kuangalia sahani zikioshwa.

Wazee wetu wametupinga kwa hoja mbili, nazo si hoja ndogo.

Hoja ya kwanza ni kwamba maji yatangulie. Twakubali. Ndiyo sababu Katiba imeweka Mfuko wa Usawazishaji, ambao kwa Ibara ya 204 ni wa maji, barabara, afya na umeme tu. Utamaduni hauugusi hata senti moja. Twaomba sehemu ndogo kutoka mahali pengine. Tena tukumbuke kwamba serikali yaweza kuchimba kisima, lakini haiwezi kuwapatanisha watu wanaokigombea. Kazi hiyo ni ya xeer, na mapatano ya visima ndiyo yaliyokuwa katika zile kanda nne.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wazee wanaokumbuka hali ya hatari iliyotangazwa katika nchi yetu mwaka 1963, ambayo sheria zake hazikuondolewa hata mwaka 1991, huuliza: tuipe Serikali hazina ya kumbukumbu zetu ili iweje? Sisi tulio vijana hatuna haki ya kulidharau swali hili. Jibu letu ni kwamba tuombe fedha ya kutunza, tusikabidhi kinachotunzwa. Sheria ya mwaka 2016 ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Jadi yatambua kwamba mwenye maarifa ni jamii, na kwamba idhini yake yatakiwa kabla ya mtu mwingine kuyatumia. Basi ufunguo ubaki kwa Wazee. Tena tusisahau kwamba fedha ya umma imepata kutufuata kwa wema: mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu juu ya ngamia. Siku hiyo haikuwataka watu wahame ili wasome. Maktaba ndiyo iliyohama.

Kwa hiyo, kwa idhini ya Kamati, twaleta mbele ya Mkutano mapendekezo manne.

Kwanza, iandikwe orodha ya urithi wetu: nani ajuaye nini, nani ana kanda au hati gani, mama gani bado afundisha kusuka. Orodha hiyo iwahusu Waaweer pia, wakiandika yao kwa idhini yao. Pili, kila sauti itakayorekodiwa iwe na nakala tatu mahali patatu, Hulugho, Garissa, na mahali pa mbali na mto na mpaka. Na masanduku yetu yawe ya bati, juu ya mbao, si sakafuni. Tatu, hesabu zikaguliwe na hati ya usajili isiachwe kumaliza muda wake. Nne, kabla ya Februari ijayo wajumbe watatu, mmoja wao akiwa mama, wapeleke maombi ya maandishi kwa Kaunti, wakiomba kifungu cha kudumu kwa vyama vya utamaduni: sehemu ya kuviweka hai wakati wa ukame, na sehemu ya kujiandaa.

Pendekezo la kwanza na la pili hayangoji fedha ya mtu. Simu iliyo mfukoni mwa kijana yeyote hapa yaweza kurekodi sauti ya babu yake usiku huu. Twasema hivi kwa sababu kukosa fedha ndiyo iliyokuwa sababu yetu, nayo ilikuwa nusu ya ukweli tu. Nusu ya pili ilikuwa uvivu.

Katika mkutano huu wamo wazee watatu walioyasikia mapatano ya visima kutoka kinywani mwa marehemu. Twawaomba, kwa heshima zote, wasiondoke Hulugho kabla ya kukaa nasi. Daftari jipya limenunuliwa, na ukurasa wa kwanza haujaandikwa neno.