Mwendo wa Aliye Nyuma

 

Leo tunataka kuwasimulia habari za safari. Si safari ya mkutano wala ya semina. Ni safari ya mume na mke waliotembea kwa miguu siku tano katika milima ya Andes, kila mmoja na shanta yake mgongoni. Watu hao ni sisi wenyewe, Mama Tumaini pamoja na mchungaji huyu mnayemsikia. Tulikubaliana nyumbani kwamba tukisimulia tutasema "sisi", hata pale ambapo kosa lilikuwa la mmoja.

Milima ya Andes iko Amerika ya Kusini. Inaanzia Venezuela upande wa kaskazini, inapita Kolombia, Ekuado, Peru na Bolivia, kisha inateremka katika Chile na Argentina, mwendo wa kilomita 7,000 hivi. Mlima wake mrefu kuliko yote, uitwao Aconcagua, una mita 6,961. Kilimanjaro ya jirani zetu ina mita 5,895. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya mbali, yanatuhusu nini?" Lakini viazi tunavyokula kila siku, viwe vya Nyandarua au vya Meru, asili yake ni milima hiyo. Wakulima wa Andes walivilima maelfu ya miaka kabla havijapelekwa Ulaya na kutoka huko vikafika kwetu. Mama Tumaini alizaliwa Kinangop katikati ya mashamba ya viazi. Tulipoingia katika soko la mji wa Cusco akaona viazi vyekundu, vya manjano, vyeusi, na vingine vilivyopinda kama vidole, alisimama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe huku ndiko kwa wajomba zake viazi vyetu."

Tulikuwa tumealikwa Peru na rafiki zetu wa tangu siku za chuo cha theolojia. Nauli tuliiweka kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Na tuseme ukweli, hatukwenda kwa ajili ya kuona milima tu. Watoto wetu wamekua, wako katika shule za bweni. Nyumba ilikuwa imeingia kimya, na kimya kile hakikuwa cha amani. Kila mmoja wetu alikuwa na kitabu chake cha kuandikia shughuli zake, na majina yetu hayakuonekana mara nyingi katika ukurasa mmoja. Ndiyo maana rafiki zetu walipotushauri tutembee katika njia ya mlima Salkantay, tulikubali upesi. Tulidhani tukitembea pamoja tutazungumza.

Ndege kutoka Lima, mji ulio pwani, inafika Cusco kwa muda wa saa moja na kidogo. Cusco uko juu mita 3,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Tuliambiwa tupumzike siku mbili au tatu, ili miili ipate kuizoea hewa. Tulipumzika siku moja. Mmoja wetu alisema kwamba katika ujana wake alipanda Mlima Kenya mpaka Point Lenana, mita 4,985, na kwamba milima haimtishi. Mnajua tayari ni nani. Ni huyu huyu mnayemsikia.

Wapenzi, mlima hauulizi ulipanda nini miaka ishirini iliyopita. Ukiwa juu mita 4,600, kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile unayoipata ufukoni Mombasa. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea, na kuzoea kwa zamani hakuwekwi akiba. Kichwa huuma, chakula hakipendezi, usingizi hukatika. Wenyeji wanauita ugonjwa huo soroche. Kanuni yake ni nyepesi: kichwa kikikuuma, usipande zaidi mpaka kipoe. Ukianza kuyumba kama mlevi, au kuhema hata ukiwa umeketi, teremka mara moja bila kungoja asubuhi.

Tulianza kutembea katika kijiji cha Mollepata, na jioni tukalala katika bonde la Soraypampa, kama mita 3,900. Mizigo tulikuwa tumeigawanya sawasawa. Katika shanta moja kulikuwa na vyuma vya hema na vigingi, jiko dogo la gesi, chupa zote mbili za maji, na dawa. Katika shanta nyingine kulikuwa na turubai la hema, chakula na kiberiti. Tuliigawanya hivyo kwa kuangalia uzito tu. Hatukufikiri jambo lingine.

Usiku maji yaliganda. Asubuhi tulipotoka hemani tuliuona Salkantay, mita 6,271, umefunikwa na theluji tangu mabegani mpaka kichwani. Mama Tumaini alisema kichwa kinamgonga kidogo. Alijibiwa kwamba kitapona njiani.

Kutoka hapo njia inapanda kwenda mahali pa kuvukia mlima, juu ya mita 4,600. Kabla ya kufika kuna kona nyingi kali, moja juu ya nyingine, nao wenyeji wamezipa jina la Nyoka Saba. Katika kona ya kwanza tulikuwa pamoja. Katika ya pili nafasi kati yetu ilikuwa ya hatua kumi. Katika ya nne, aliyetangulia alisikia sauti ikimwita, akainua mkono bila kugeuka, akaendelea. Alikuwa na nguvu siku hiyo, naye alifurahia nguvu zake.

Alifika juu. Pale pana marundo ya mawe yaitwayo apacheta. Tangu zamani wasafiri wa Andes wakifika mahali pa kuvukia mlima huweka jiwe juu ya mawe ya waliotangulia. Aliketi karibu nayo akangoja. Alingoja robo saa, kisha nusu saa. Ndipo ukungu ukapanda kutoka bondeni, na njia ikapotea machoni.

Hapo ndipo aliponyosha mkono kuchukua maji, akaziona chupa mbili. Akafahamu kwamba mkewe hana hata tone. Akaigusa mifuko ya dawa, ikawa yote anayo yeye. Akafikiri kwamba usiku ukiwakuta hivi, mmoja atakuwa na vyuma visivyo na turubai, na mwingine turubai lisilo na vyuma. Mmoja atakuwa na jiko, na mwingine kiberiti. Yeye ndiye aliyefika, lakini alifika na nusu ya nyumba.

Akaanza kurudi, akiita. Mlimani, ndani ya ukungu, sauti ya mtu haiendi mbali. Hatutawaficha kwamba aliomba, na hakukuwa na mpango wa maneno katika maombi yale. Lilikuwa jina la mkewe tu.

Katika kona ya tano alisikia kengele. Alikuwa mzee mmoja mchunga nyumbu, mwenye kofia ya sufi na viatu vya kandambili vilivyokatwa kutoka tairi la gari, kama vile akala zetu. Wanyama wake walikuwa watatu, na juu ya mmoja ilikuwako shanta tunayoifahamu. Mbele ya wanyama alikuwa akitembea Mama Tumaini, polepole sana. Alipiga hatua kama kumi, akasimama kupumua. Aliposimama, wanyama walisimama, na mzee yule alisimama pia, nyuma ya wote. Hakumhimiza. Alipoendelea, nao waliendelea.

Alikuwa amemkuta ameketi nyuma ya jiwe kubwa, ameshika kichwa. Alimpa chai ya majani ya koka, ambayo watu wa huko huinywa milimani, akakaa naye karibu saa moja mpaka maumivu yakapungua. Angekuwa anayumba, ingetubidi kurudi chini siku ile ile. Kwa neema hakuyumba.

Hatukujua Kikechua, lugha yake, na Kihispania chetu kilikuwa cha kuombea mkate tu. Mzee alimtazama yule mume aliyeshika chupa mbili za maji. Hakumkemea. Alimnyoshea kidole yeye, kisha mkewe, halafu akaviweka vidole vyake viwili pamoja, bega kwa bega. Hotuba yake ilikwisha hapo.

Tulivuka pamoja tukaanza kuteremka. Jioni, tulipokwisha kuisimamisha hema, mchungaji huyu aliomba msamaha kwa maneno mengi, kama ilivyo kawaida ya wachungaji. Mama Tumaini alingoja amalize. Kisha akasema, "Baba Tumaini, mimi sikutaka unibebee mzigo. Nilitaka nione mgongo wako tu, nijue uko." Akanyamaza, akaongeza, "Hata mwaka ule mama alipofariki, ulikuwa mbele. Ulifanya mambo yote ya mazishi vizuri. Lakini ulikuwa mbele."

Wasikilizaji, hatukulala upesi usiku ule. Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka kumi na tisa tuliishi nyumba moja, na mmoja wetu hakujua kwamba mwenzake bado anaubeba msiba ule, kwa kuwa hakugeuka kutazama.

Kesho yake tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, kila shanta ilipata chupa yake ya maji na dawa zake. Pili, Mama Tumaini alitembea mbele. Mwenye nguvu alikaa nyuma, kama mzee wa nyumbu, na akasimama kila mwenzake aliposimama. Tulipitwa na watu wengi. Lakini tulizungumza, na tuliona nchi. Njia ile inatoka penye barafu, na kwa muda wa siku moja na nusu inakuingiza penye joto, ndizi na mibuni. Tulipoona kahawa imeanikwa uani kwa watu tulicheka kama watoto, maana harufu ile ni ya nyumbani Murang'a. Siku ya tano tulifuata reli kwa miguu, tukafika chini ya Machu Picchu, mji wa mawe wa watu wa Inka, ambao tangu mwaka 1983 umehesabiwa katika urithi wa dunia.

Huko tulijifunza habari za barabara za Inka, ambazo jumla yake hupita kilomita 30,000. Waliozitumia hawakuwa na gari la magurudumu wala farasi. Mizigo ilibebwa na watu, na na lama, mnyama wa ukoo wa ngamia asiye na nundu. Habari za mfalme zilipelekwa na wakimbiaji walioitwa chaski. Hakuna chaski aliyeimaliza njia yote peke yake. Alikimbia mpaka kituo cha mwenzake, akampa habari, naye akaendelea nayo. Mkimbiaji mwenye mbio kuliko wote, asipomkuta mwenzake, habari yake ilikuwa imekufa njiani.

Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 33, tunasoma jinsi Yakobo alivyokutana na Esau ndugu yake baada ya miaka mingi. Esau alitaka waende pamoja kwa haraka, yeye na watu wake wenye nguvu. Yakobo alikataa kwa upole. Alikuwa na watoto wadogo na wanyama wanyonyeshao, na alijua kwamba wakiharakishwa hata siku moja, kundi litakufa. Akamwomba ndugu yake atangulie, naye akaja polepole kwa kadiri wale walivyoweza. Yakobo yule aliyekuwa mwepesi wa kuwapita wengine tangu tumboni mwa mama yake, sasa amejifunza kutembea kwa mwendo wa aliye nyuma.

Basi, ndugu msikilizaji, tunakuuliza kama tulivyojiuliza sisi. Ni nani aliye nyuma yako leo? Labda ni mkeo, au mumeo aliyepoteza kazi na hataki kusema. Labda ni mzazi ambaye hatua zake zimekuwa fupi, au mtoto ambaye hesabu zinamshinda. Je, ameita, nawe ukainua mkono bila kugeuka? Na katika shanta yako kuna maji ya nani?

Hatusemi kwamba tumefika. Juzi tu, tukienda sokoni, Mama Tumaini alikohoa kidogo, kikohozi ambacho sasa tunajua maana yake, na mtu mmoja akapunguza mwendo.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayetungoja sisi tulio wazito wa kwenda, utusamehe haraka yetu. Uwakumbuke wote walioketi nyuma ya mawe asubuhi hii, wasioonekana na waliotangulia. Utugeuze shingo zetu, tuwaone, na uturudishe kwao kabla ukungu haujapanda. Amina.

Kwaherini, wasikilizaji wapenzi. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.