Mauzo ni ya Nani? Wanawake na Biashara ya Mitandaoni



Mada niliyopewa ni pana: ushawishi wa wanawake katika masoko na mitandao ya kijamii. Naomba niipunguze. Habari ya idadi ya wafuasi naiacha, maana wafuasi hununuliwa na kila aliyemo humu anajua. Nitasema juu ya mauzo, na juu ya anayebaki na fedha baada ya mauzo.

Mchukueni dada anayeuza magauni akiwa Mbagala. Hana fremu. Fremu ya Kariakoo hudai kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na mara nyingi kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu, juu yake. Yeye anadamkia duka la jumla ambalo hamtajii mtu, kwa kuwa chimbo ni siri, anachukua vipande vichache, anavipiga picha na kuvitupia Instagram na kwenye status ya WhatsApp. Mteja anauliza saizi, analipa kwa simu, bodaboda anapeleka mzigo. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Status ya picha na video ilikuja 2017. Vyombo hivyo hata wanaume wanavyo. Mbona basi kwenye nguo, vipodozi na vyombo vya ndani wanawake ndio wametangulia?

Kwa maoni yangu, walikuwa na wateja kabla ya kuwa na simu janja. Tazameni sare ya harusi. Kamati ikishakubaliana rangi, mwanakamati mmoja anaweka picha ya kitambaa kwenye kundi, mwingine anauliza bei ya doti, wa tatu anamjua fundi. Kabla ya jioni kuna oda ya watu arobaini, na hakuna aliyelipia tangazo. Kinachouza hapo ni kwamba muuzaji anafahamika: mama mmoja yuko naye kwenye kikoba, mwingine alikutana naye kwenye kitchen party ya binti wa jirani. Akiwatapeli hawa, hana pa kujificha. Ndiyo maana mrejesho, yaani ule ujumbe wa mteja aliyeridhika na picha yake akiwa amelivaa gauni, una nguvu kuliko bango la barabarani. (Wale mnaopandisha mrejesho bila kufuta jina na namba ya mteja, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isomeni.)

Kampuni zimeujua uwezo huu wa wanawake wa kuuza zamani sana. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, Siti binti Saad, na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice. Santuri zilinunuliwa kiasi kwamba kampuni shindani, Columbia na Odeon, nazo zikaanza kuwasaka waimbaji wa pwani. Sauti ya mwanamke aliyewahi kuuza vyungu mitaani ikawa sababu ya watu kununua santuri. Biashara ya santuri yenyewe ilibaki mikononi mwa wengine.

Mpango huo bado upo. Mwaka 2020 Azziad Nasenya wa Kenya alicheza wimbo “Utawezana” wa Femi One na Mejja kwenye TikTok. Video ikasambaa na wimbo ukapaa nayo. Yeye alijulikana, akapata kazi za matangazo na za redio, na hilo si dogo. Lakini mwenye wimbo ni mwenye wimbo. Jokate Mwegelo, aliyeanza kujulikana kupitia Miss Tanzania 2006, alipita njia nyingine: jina lililokwisha kupendwa aliliweka kwenye bidhaa zake mwenyewe, Kidoti, zikiwemo nywele na ndala. Mimi naipenda njia hii ya pili, ingawa mtaji wake si wa kila mtu.

Kwa wengi wetu hali iko katikati. Kampuni inampa dada mafuta ya ngozi ya shilingi elfu thelathini, naye anayatangaza mwezi mzima. Anaitwa balozi, mkataba hana. Serikali zimekuwa nyepesi zaidi kuitambua kazi hii: Kenya, kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali. Ajabu ni kwamba mkusanya kodi ameona ni ajira kabla ya mtoa kazi kuona.

Kuna na matusi. Mwanamke akijirekodi akiuza sufuria, maoni yatahusu umbo lake. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inagusa unyanyasaji wa aina hiyo. Hifadhini ushahidi kabla ya kumzuia mtu.

Napendekeza mambo mawili tu. Kwanza, daftari la wateja: jina, saizi, alichonunua, lini. Ukurasa wa Instagram ukidukuliwa leo usiku, mwenye daftari atauza kesho asubuhi. Pili, makubaliano ya maandishi na kila kampuni, hata ya ukurasa mmoja: matangazo mangapi, malipo lini, na picha yako itumike hadi tarehe gani. Hilo la tarehe ndilo linalosahaulika, na sura ya mtu huendelea kuuza sabuni miaka mitatu baada ya malipo kwisha.

Nimegawa nakala ya makubaliano ya mfano. Kwenye makundi, tuanze na kipengele cha picha.