MAJI YA DAR ES SALAAM NA MKATABA WA MIAKA 10
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa kusema juu ya kazi za umma kupewa kampuni za watu binafsi, yaani maji, stima na reli. Wengine hudhani hiyo ni shauri ya wakubwa tu. Sivyo. Msoma mita, fundi wa mabomba, karani wa bili, riziki yao imo katika karatasi ile itakayotiwa sahihi.

Nitawapa habari ya jirani zetu wa Dar es Salaam, maana imekwisha na hesabu yake yajulikana.

Kwanza kweli isemwe. Shirika la umma la maji kule, DAWASA, halikuwa likifanya kazi vizuri. Mabomba yalikuwa makuukuu, maji mengi yalipotea njiani, na maskini walinunua maji ya ndoo kwa wachuuzi. Mtu akitetea ubovu huo kwa kuwa ni wa serikali, mimi si pamoja naye. Lakini dawa iliyoletwa ilikuwa gani? Nchi ilikuwa na madeni, na wakopeshaji wakatia sharti kwamba maji yaendeshwe na kampuni. Zabuni zikaitishwa, ikaja moja tu. Ndugu zangu, hata mwenye kuuza mbuzi hufikiri mara mbili akiona mnunuzi ni mmoja, sembuse maji ya mji mzima!

Kampuni hiyo, City Water, ilikuwa ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya Tanzania. Ilianza kazi Agosti 2003. Sasa tazameni walivyogawana. Mabomba yalibaki mali ya umma. Mikopo ya kuyatengeneza ilibaki deni la umma. Kampuni ilipewa kuandika bili na kukusanya fedha, na katika fedha hizo iwalipe DAWASA kodi kila mwezi. Lakini makusanyo yakawa chini kuliko ya shirika lile lililolaumiwa, na tangu Julai 2004 kodi ikakoma kulipwa. Mei 2005 Waziri wa Maji, Edward Lowassa, akatangaza kwamba mkataba umevunjwa. Haukufika miaka miwili.

Mashauri yakaendelea mpaka 2008. Mahakama ya usuluhishi chini ya Benki ya Dunia ilisema serikali ilikosa kwa namna ilivyowaondoa wenye kampuni, lakini Biwater haikupewa fidia hata senti moja.

Msiwacheke jirani. Hapa kwetu reli ilikabidhiwa Rift Valley Railways Novemba 2006 kwa miaka 25 ya kubeba mizigo, na mwaka 2017 mkataba ukakatwa, mzigo ukarudia shirika la umma.

Basi chama kisingoje siku ya kutia sahihi. Tuulize mapema: zabuni zilikuja ngapi? Kampuni italeta fedha zake kiasi gani, na ni ngapi za kukopa kwa jina letu? Isipolipa kodi, itaondolewa kwa njia gani? Na hili nalitilia mkazo: mfanyakazi akihamishwa, miaka yake ya kazi na pensheni yake itahesabiwa na nani? Jibu la mdomo tusilipokee. Tuoneshwe kifungu.

Kila tawi lichague watu wawili wanaosoma vizuri mikataba, na majina yao yamfikie Katibu kabla ya mkutano ujao.